Anayeomba kipengele kwenye programu huria anamdai nani?

#1 mleta mada (Moshi)

Wakuu, habari za Jumapili.

Naomba mnivumilie, uzi ni mrefu. Mods, tafadhali usiunganishwe na ule wa programu bora za bure, hoja yangu si hiyo.

Mimi ni mmoja wa watu watatu tunaotunza programu ndogo ya hesabu za vikundi vya kuweka na kukopa. Jina siliweki hapa kwa sababu sikuja kuitangaza. Inatumiwa na vikundi vya hapa Moshi, Himo na Marangu, na vichache vya Arusha upande wa Usa River na Sakina. Msimbo wake, yaani maandishi yanayoiendesha, uko wazi, leseni ni GPL, moja ya leseni za programu huria, hakuna anayeilipia na hakuna anayetulipa. Mwenzetu mmoja ni mwalimu wa sekondari, mwingine ni fundi kompyuta karibu na stendi, mimi nina ajira yangu. Kazi ya programu tunaifanya usiku watoto wakishalala.

Wiki hii kundi la WhatsApp la watumiaji limechafuka. Mhazini mmoja aliomba kitufe cha kufuta faini. Hakujibiwa, akaomba tena. Baadaye akaandika kwamba tunajifanya miungu watu, na kwamba kitufe kimoja tu kinatushinda kwa dharau. Wengine wakamuunga mkono. Fundi wetu akajibu, "Kama huitaki, iache," akatoka kwenye kundi.

Watu hawa wawili nawaheshimu wote, na nimeumia kuona wanavyogeukana wakati wote wanataka kitu kilekile: kikundi kifike siku ya kuvunja, yaani ya kugawana mfuko, bila ugomvi. Kwa hiyo nimeona nieleze jambo hili la faini kwa urefu, maana ndani yake kuna karibu kila kitu kinachowagombanisha watumiaji na watengenezaji wa programu huria, hapa kwetu na kwingineko.

Kila kikundi kina katiba yake. Ukichelewa kikao, faini. Usipofika bila taarifa, faini kubwa zaidi. Programu inasoma mahudhurio na kuandika faini yenyewe. Kuna msamaha ambao kila mtu anaujua hata kama haujaandikwa: aliyefiwa hatozwi. Msimbo haujui msiba. Unaona jina halina alama ya kuhudhuria, unatoza.

Mhazini akaona njia fupi: nipeni kitufe nifute.

Sasa tazameni kitufe hicho kinabeba nini. Sanduku la kikundi lina kufuli tatu, na funguo ziko kwa watu watatu tofauti, ili asiwepo mmoja anayeweza kufungua peke yake. Kumbukumbu inayoweza kufutwa na mtu mmoja bila kuacha alama ni sanduku lililobakiwa na kufuli moja. Leo anafuta faini ya mfiwa, kesho mwingine anafuta ya shemeji yake, na siku ya mgao hakuna anayeweza kuonyesha nini kilifutwa na kwa idhini ya nani. Tena faini ikishaingia kwenye jumla ya mfuko, kila taarifa iliyokwisha kuchapwa ina tarakimu ile. Ukiifuta, karatasi na simu haziimbi wimbo mmoja. Na simu zenyewe ni tatu, ya mhazini, ya katibu na ya mwenyekiti, zinazopeana taarifa pale intaneti inapopatikana. Ya kwanza imefuta, ya pili bado inaidai, ya tatu ilizimwa tangu juzi. Ipi ina ukweli?

Kinachofaa si kufuta. Faini ibaki kitabuni, iandikwe "imesamehewa", pamoja na sababu, tarehe ya kikao kilichosamehe, na viongozi wawili waithibitishe kila mmoja kwa simu yake. Hiyo si kazi ya kitufe. Inagusa hifadhidata, hesabu ya mgao, taarifa zinazochapwa, na namna simu zinavyopatanishwa.

Hata hivyo aliyejua kwamba kuna tatizo ni mhazini. Sisi hatukai kikaoni kwake. Angeandika, "Mwanachama wetu amefiwa, katiba inamsamehe, programu inamdai, nifanyeje?" tungekuwa tumeanza kuzungumza siku hiyohiyo. Aliandika dawa aliyojichagulia, ugonjwa akaubakiza moyoni.

Wa mlimani watanielewa nikitaja mfongo, mfereji wetu wa kumwagilia mashamba. Hakuna anayeuza maji ya mfongo. Ulichimbwa na watu, unatunzwa na watu, na kila anayemwagilia ana zamu yake ya maji na siku yake ya kwenda kuzoa tope. Asiyekwenda kuzoa tope hawezi kusimama ukingoni akafoka kwamba mkondo uhamishiwe shambani kwake. Lakini na mzee anayesimamia mfongo hana ruhusa ya kukaa kimya mtu akimwuliza zamu. Atamwambia zamu yako ni Alhamisi, au atamwambia shamba lako liko juu ya mkondo, maji hayapandi. Atasema, na mtu ataondoka akijua.

Leseni yetu, kama GPL zote, inasema programu inatolewa kama ilivyo, bila dhamana. Inakupa ruhusa ya kuitumia, kuichunguza, kuibadilisha na kuigawa. Haikupi mtumishi. Ombi la kipengele si deni. Jibu, kwa maoni yangu, ni haki ya mwombaji, hata likiwa hapana.

Karibuni tujadili kwa heshima.

#2 mhazini wa Kiboriloni

Mwanangu, mhazini unayemsema ni mimi. Nimeonyeshwa uzi na binti yangu.

Nilipofundishwa hiyo programu hakuna aliyeniambia ni kazi ya kujitolea. Niliambiwa "mfumo". Mimi nikisikia mfumo najua kuna ofisi, kuna meneja, kuna mtu analipwa kupokea simu. Ningejua ni mwalimu na fundi wa stendi wanakesha, nisingeandika maneno yale ya miungu watu. Hayo nayaondoa.

Lakini na nyie mjue yaliyonikuta. Mwenzetu alifiwa na mumewe. Alipoanza kurudi vikaoni, nikasoma majina kama tunavyosoma siku zote, simu ikasema anadaiwa. Mbele ya watu wote. Aibu ile haikumpata aliyeandika programu, ilinipata mimi niliyeshika simu. Nikawaandikia, kimya. Nikaandika tena, kimya. Mtu akikaa kimya mimi naelewa amenidharau. Mngesema hata hapana, ningechukua daftari nikajua moja.

#3 mchapaji wa Sakina, Arusha

Mleta mada umenigusa pabaya. Nachapa kadi za harusi, mabango na fulana. Natumia GIMP, programu huria ya kuhariri picha, kwa sababu leseni za programu za kulipia siziwezi na sitaki kutumia za wizi. Shida yangu ni rangi. Bwana harusi amechagua buluu kwenye skrini, karatasini inatoka kama zambarau. CMYK, yaani rangi za wino wa kuchapa, imeombwa miaka na miaka. Halafu lile la kuhifadhi: mteja kasimama kaunta anataka JPG, nabonyeza kuhifadhi, programu inanipeleka kwenye muundo wake yenyewe, JPG ina amri nyingine.

Ukilalamika unajibiwa "msimbo uko wazi, leta marekebisho". Mimi ni mchapaji. Msimbo nautoa wapi?

#4 mleta mada

Shikamoo mama. Nashukuru umeingia mwenyewe, na pole sana kwa yaliyompata mwenzenu. Jambo la kimya naliunga mkono bila kupunguza hata neno. Jibu lako hili hapa, hadharani: kufuta hapana, kusamehe ndiyo, kwa utaratibu nilioeleza juu. Mwalimu ameshaanza upande wa hifadhidata. Kwa sasa, mtu akifiwa, mwekee alama ya "ruhusa" kwenye mahudhurio kabla kikao hakijafungwa. Ruhusa haitozwi. Haimfai aliyekwisha kutozwa, ila itazuia aibu nyingine.

Mchapaji, habari za Sakina. Tuanze na rangi, maana hapo watu wengi wanadhani kuna ukaidi. Skrini inatengeneza rangi kwa mwanga: mwekundu, kijani, buluu. Mashine ya kuchapa inatumia wino wa aina nne, samawati, majenta, njano na nyeusi. Kuna buluu ambazo mwanga unaziweza na wino hauziwezi, na hizo ndizo zinazokugeukia zambarau. GIMP ilianzishwa mwaka 1995 na wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, Spencer Kimball na Peter Mattis, na mhimili wake wa ndani ulijengwa kwa rangi za mwanga. Kuingiza CMYK hakukuwa kuongeza mstari kwenye menyu, ilibidi mhimili wenyewe ubadilishwe. Kazi hiyo ilivuka toleo la 2.10 la mwaka 2018 na kuendelea hadi toleo la 3.0 lililotoka Machi 2025. Sasa unaweza kutazama kwenye skrini picha itakavyotokea kwa wino, na kutoa faili la CMYK kwa baadhi ya miundo, ingawa picha yenyewe bado unaifanyia kazi kwa rangi za mwanga. Waliofanya hayo ni watu wachache, wengi wa kujitolea. Kwa kadi zako, jaribu pia kupanga ukurasa kwenye Scribus au kuchora kwenye Krita. Zote mbili ni huria na zinafanya kazi kwa CMYK.

Lile la kuhifadhi ni jambo tofauti kabisa, na ndiyo maana nasema maombi yasitiwe kapu moja. Lilikuja na toleo la 2.8 mwaka 2012. Watengenezaji waliamua kwamba kuhifadhi kumaanishe kulinda kazi yote pamoja na tabaka zake, kwa sababu JPG inaziunganisha zote na haizirudishi. Watu walilalamika kwa miaka. Wakaelezwa sababu, uamuzi ukabaki. Unaweza kutoupenda, na haki ya kutoupenda unayo, lakini hapo hakuna aliyekupuuza. Umekataliwa kwa hoja, na ni vitu viwili mbalimbali.

Malalamiko yanayorudi kila mwaka kutoka kwa watu tofauti nayo yana uzito wake. Blender, ile ya kutengeneza picha mnato na katuni za 3D, kwa miaka mingi ilikuwa inachagua kitu kwa kitufe cha kulia cha mausi. Kila mgeni alikuwa anakwama. Wenyeji walikuwa wanatetea kwamba ukizoea ni bora zaidi. Mwaka 2019, toleo la 2.80, kitufe cha kushoto kikawa ndicho cha kawaida, na anayependa cha kulia akaachiwa nafasi ya kukirudisha. Wageni walikuwa na haki.

Sasa hili la "leta marekebisho". Mtengenezaji anayemwambia mchapaji hivyo anamfungia mlango. Wewe una kitu ambacho mwandika msimbo aliyeko Ulaya hana: mashine, wino na karatasi inayouzwa Arusha. Chapa faili moja, piga picha karatasi ikiwa kando ya skrini, ambatisha faili lenyewe na taja toleo la programu. Ripoti ya namna hiyo inaweza kumwokolea mtu usiku mzima wa kubahatisha.

Hata lugha ni mchango. Mwaka 2004 watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mradi wa KiLinux, walitoa OpenOffice, programu huria ya kazi za ofisi, kwa Kiswahili wakaiita Jambo OpenOffice. Kazi kubwa pale ilikuwa kukaa na maneno, moja baada ya jingine. Na pesa pia ni mchango, tusione aibu kuitaja. Mwaka 2002 kampuni iliyomiliki Blender ilipofungwa, watumiaji na wapenzi wake walichanga yuro 100,000 kwa muda wa wiki saba hivi ili msimbo ununuliwe na uwe huria. Wanaoitumia leo bure wanakula matunda ya mchango ule.

#5 fundi wa Njiro

Mkuu unawabembeleza sana. Nimetunza maktaba ndogo ya msimbo kwa miaka, najua. Watumiaji hawasomi maelekezo, hawasomi maombi yaliyotangulia, wanakuja na "haraka tafadhali". Fungeni sehemu ya maombi. Asiyeridhika achukue msimbo aanzishe tawi lake, yaani programu yake ya kando, ndiyo maana ya uhuru. LibreOffice ilizaliwa hivyo kutoka OpenOffice.

#6 mleta mada

Fundi, uchovu wako naujua. Ila mfano wa LibreOffice hauwezi kubeba mzigo unaoutwika. Mwaka 2010, baada ya kampuni ya Oracle kuinunua Sun iliyokuwa ikiimiliki, waliojitenga na OpenOffice.org walikuwa kundi zima la wachangiaji wenye ujuzi, wakaunda The Document Foundation, na makampuni yakasimama nyuma yao. Hakuwa mtumiaji mmoja mwenye hasira. Mama wa Kiboriloni hana jeshi hilo. Ukimwambia mtu kama yeye "anzisha tawi lako", umemwambia aondoke, na akiondoka anaondoka na taarifa ya msiba ambayo hukuwa nayo.

Kwenye matusi na shinikizo nakubaliana nawe, na hapa naomba kila mtumiaji anisikilize kwa makini, maana kuna tukio ambalo kila anayebonyeza "haraka tafadhali" anapaswa kulijua.

Kuna programu ndogo inaitwa xz, ya kubana mafaili. Imo ndani ya karibu kila Linux, mfumo endeshi huria wa kompyuta, na seva nyingi za dunia ni Linux. Kwa miaka ilitunzwa na mtu mmoja, Lasse Collin wa Ufini, bila malipo. Mwaka 2022 zikaanza kuja akaunti kwenye orodha ya barua pepe ya mradi, zikilalamika kwamba marekebisho yanachelewa, kwamba mradi umekufa, kwamba atafutwe mtunzaji mwingine. Collin akajibu kwa unyenyekevu kwamba ana matatizo ya muda mrefu ya afya ya akili, na kwamba kazi ile ni ya kupenda tu, hailipwi. Hawakumwonea huruma, wakaendelea kumbana. Wakati wote huo kulikuwa na msaidizi mpole, mchapakazi, aliyejiita Jia Tan. Mwisho Jia Tan akapewa mamlaka.

Mwanzoni mwa 2024, matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 yakatoka yakiwa na mlango wa siri uliofichwa kwa ustadi, wa kumwezesha aliyeuweka kuingia kwenye seva za watu. Aliyeugundua ni Andres Freund, mhandisi anayeshughulika na programu ya hifadhidata ya PostgreSQL. Aliona kuingia kwenye mashine yake kwa ssh, njia ya kuingia kwenye kompyuta kwa mbali, kunachelewa kama nusu sekunde, akafuatilia, akatangaza Machi 29, 2024. Mlango ulikuwa bado haujafika kwenye matoleo thabiti ya Linux yanayotumiwa na wengi. Akaunti zile za malalamiko, wachunguzi wengi wanaamini zilikuwa za bandia, zimepangwa kwa ajili ya kumchosha mtu mmoja hadi akabidhi funguo.

Fikirini basi. Mwenye nia mbaya alitafuta silaha, akachagua sauti ya mtumiaji asiye na subira. Aliichagua kwa sababu ilifanana na sauti ambazo mtunzaji yeyote anazisikia kila siku, hakuna ambaye angeishtukia. Kama watumiaji wa kweli wangekuwa na desturi ya kuzungumza na watunzaji kama watu, akaunti zile zingeonekana kitu kigeni tangu siku ya kwanza.

Na upweke ule haukuwa wa xz peke yake. Aprili 2014 lilipotangazwa tundu la Heartbleed kwenye OpenSSL, inayolinda mawasiliano ya tovuti nyingi duniani, ilibainika kwamba mradi ulikuwa na mtu mmoja tu wa muda wote, na michango ilikuwa kama dola 2,000 kwa mwaka. Mabenki yaliitumia. Makampuni makubwa ya intaneti yaliitumia.

Kwa hiyo fundi, sitafunga maombi. Nitakachofanya ni kujibu kwa ufupi na mapema. Mfano, wengi wametuomba programu isome SMS za malipo ya simu ili marejesho yajiandike yenyewe. Jibu ni hapana. Ruhusa ya kusoma SMS inafungua SMS zote, pamoja na namba za siri za mara moja za benki. Google nayo imeibana ruhusa hiyo kwa programu za Play Store tangu 2019. Mhazini ataendelea kuingiza namba ya muamala kwa mkono. Najua inachosha vikao vya watu wengi. Bado ni hapana, na sababu nimeitoa.

#7 mhazini wa Kiboriloni

Marahaba mwanangu. Hilo la SMS nimelielewa, na kusema kweli sitaki simu ya kikundi isome ujumbe wangu.

Basi nami naleta shida, dawa nawaachia. Mwanachama wetu amefariki katikati ya mwaka, ana hisa, na ana mkopo hajaumaliza. Mtoto wake anasema anataka kuendelea na nafasi ya mama. Katiba yetu inaruhusu mrithi. Programu inanipa njia mbili tu, kumwondoa mwanachama au kumwacha. Nikimwondoa hisa zinarudishwa kama za aliyejitoa, anakosa faida. Nikimwacha, jina la marehemu linasomwa kila kikao. Watu wanalia.

#8 mleta mada

Poleni sana mama, na asante kwa kueleza hivi. Programu haina njia ya tatu kwa sasa. Nimeliandika kwenye orodha ya kazi kama "mrithi", kwa maneno yako mwenyewe, na fundi wetu amesoma. Amesema atarudi kwenye kundi leo jioni.

Kabla hatujagusa msimbo kuna mambo ambayo katiba za vikundi zinatofautiana, nasi hatuwezi kuyakisia. Wahazini wengine mnaosoma hapa, hasa wa Himo na Usa River, tupigieni picha ukurasa wa katiba unaohusu kifo cha mwanachama, mfiche majina. Na wewe mama nakuuliza mawili. Deni la marehemu linakatwa kwenye hisa zake kwanza, au linahamia kwa mtoto pamoja na hisa? Na ikitokea mrithi hataki kuendelea, mnamlipa hisa kwa thamani ya siku ya msiba, au anasubiri siku ya kuvunja apate na faida?